Bayana, Nchi Ambako Hakuna "Yule"

Mimi, Mjumbe wa Elimu, Mchunguzi wa Desturi za Mataifa ya Mbali, Mgeni Rasmi wa Bayana na Shahidi wa Harusi ya Saba, natangaza mbele ya walimwengu wote, wakubwa kwa wadogo, walioketi na waliokosa viti, kwamba taarifa hii ni ya kweli, ni kamili, na imeandikwa kwa unyenyekevu mkubwa.

Vyeo hivyo nimejipa mwenyewe. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya bweni, ninalala kitanda cha juu karibu na dirisha lisilo na kioo, na cheo pekee nilichowahi kupewa na mtu mwingine ni kiranja wa usafi wa bwalo. Nilikishika kwa siku kumi na moja. Sababu za kuvuliwa ziliandikwa na mwalimu wa zamu kwa wino mwekundu, na hazihusiani na taarifa hii isipokuwa kwa mbali.

Namna nilivyofika Bayana nayo si muhimu. Wasafiri wenye heshima zao huiruka sehemu hiyo, nami sitaki kuonekana mshamba. Itoshe kusema kwamba asubuhi moja nilikuwa huko, na viatu vyangu vilikuwa na vumbi.

Bayana ni nchi ya kupendeza. Ina vilima vitano, mto mmoja, watu wenye afya na wanaocheka kwa urahisi, na sheria moja. Sheria hiyo imechongwa juu ya lango la mji: ASIACHWE MTU AKIDHANI. Maana yake ni kwamba kila mtu anayezungumziwa sharti atajwe kwa ukamilifu, mwanzoni mwa kila sentensi, hata kama ametajwa sasa hivi, hata kama ameketi mbele yako anamenya muwa. "Yule", "yeye", "huyo bwana" na "mwenzetu" ni maneno yaliyopigwa marufuku. "Mimi" na "wewe" yaliachwa, kwa kuwa Baraza lililotunga sheria lilichoka kabla ya kuyafikia.

Niliuliza chanzo cha sheria hii nikaelezwa kwamba zamani kulikuwa na mfalme ambaye wali wake uliunguzwa. Mfalme akamwambia askari, "Mpe kofi huyo," akimwelekezea mpishi kidevu. Askari alikuwa na siku mbili tu kazini. Kofi likamwangukia mama mkwe wa mfalme. Kwa hiyo kosa moja la kiganja kimoja limefanya taifa zima liongee kwa tahadhari hadi leo. Sikucheka. Shuleni kwetu mwanafunzi mmoja aliwahi kumwaga maharage, na tangu siku hiyo wote tunakula tukiwa tumesimama.

Utajo wa mtu katika Bayana hauna mwisho. Lolote linalompata, Idara ya Utajo huliongeza kwenye Daftari, na tangu hapo ni sehemu yake. Mwenyeji wangu, bibi mpika uji wa Mtaa wa Visima, alipojitambulisha kwangu langoni, alianza hivi: "Mimi ni Mashavu binti Nguzo, wa Mtaa wa Visima, mjane wa mpiga ngoma ya chapuo, niliyeng'oa jino langu kwa uzi wa mkeka, niliyemfukuza fisi kwa mwiko, niliyeteleza kwenye ganda la embe mbele ya Waziri wa Barabara, niliyecheka kabla ya Waziri…" Nilimsikiliza nikiwa nimesimama, kisha nikiwa nimechuchumaa, kisha nikiwa nimeketi juu ya begi langu. Alipofika kwenye ndoa yake nilikuwa nimekwisha kumpenda kama bibi yangu. Katika taarifa hii nitamwita Bi Mashavu, kwa sababu daftari langu la shule limebaki na kurasa chache.

Nilidhani watu wa namna hiyo hawawezi kuishi hata wiki. Nyumba ikishika moto, utasemaje ni ya nani kabla haijawa majivu? Lakini nilikuwa sijaangalia vizuri. Sheria ilikuwa imesahau midomo. Mtu wa Bayana akitaka kumsema jirani, huchomoza midomo upande wa nyumba ya jirani, akaendelea na habari yake, na anayesikiliza hapotei hata kidogo. Sokoni niliona mazungumzo marefu ya midomo, videvu na nyusi, yenye vicheko hadi machozi, na hakuna aliyekuwa amevunja sheria. Niliambiwa Baraza lilishajadili mswada wa kuipiga marufuku midomo. Ulianguka siku ya mwisho. Mtoa hoja aliulizwa ni mjumbe gani anayemuunga mkono, naye akajibu kwa kuchomoza midomo.

Nilihudhuria kikao kimoja cha Baraza hilo. Mjumbe aitwaye Mzee Ngwali alitoa pendekezo la upole, kwamba mtu aliyetajwa mara moja, na akiwa bado yupo mbele ya wazungumzaji, aruhusiwe kutajwa kwa ufupi.

"Na akiondoka?" mpinzani akauliza.

"Tutakuwa tunajua ni nani aliyeondoka."

"Na wakiondoka wawili?"

"Tutataja wote wawili."

"Na Mzee Ngwali bin Kitwana," mpinzani akaanza kwa sauti ya ushindi, "wa Kilima cha Tatu, mfuga njiwa, aliyewahi kumeza kifungo…" Alikuwa na haki ya kumtaja mwenye hoja kabla ya kumjibu, na aliitumia haki hiyo mpaka kengele ya chakula. Hoja ikaahirishwa kwa mara ya kumi na tisa. Mzee Ngwali alitoka akiwa na furaha. Alisema mwaka jana walikuwa hawafiki hata kwenye kifungo.

Mimi peke yangu nilikuwa mfupi. Sikuwa na ukurasa katika Daftari, kwa hiyo kisheria niliitwa Mgeni, basi. Mwanzoni nililiona jambo hili kuwa heshima. Siku ya pili mtungi ulivunjika kisimani, askari akauliza nani kauvunja. Wanawake sita walikuwa wamemwona aliyeuvunja. Wakatazamana. Kumtaja kungechukua asubuhi yote, na nguo zilikuwa bado hazijafuliwa.

"Mgeni," wakasema kwa pamoja.

Nilikuwa nimesimama hapohapo na ndoo mbili kichwani na mkononi. "Jamani! Mimi?"

"Utusamehe, mwanangu," mmoja akaninong'oneza. "Wewe ni pumzi moja tu."

Kufikia siku ya tisa nilikuwa na mashtaka arobaini na moja. Niliiba mfuniko wa kisima. Nilimpa punda wa mahakama tumbo la kuendesha. Nilisababisha ukame wa miaka ya nyuma, kabla sijazaliwa. Hakuna aliyenichukia. Kila aliyenishtaki alinipa kipande cha mhogo baadaye. Ilikuwa tu ni rahisi zaidi, na nimegundua kwamba katika nchi nyingi mtu asiyejulikana hupata lawama kwa sababu hiyohiyo, ila mhogo hapewi.

Hatimaye mashtaka yangu yakafika kwa Mtajaji Mkuu, Bwana Mwinchumu, mlinzi na msomaji wa Daftari. Alikuwa mzee mrefu mwenye sauti kama ya ngoma iliyowambwa vizuri, na kwa miaka thelathini alikuwa hajaruka hata neno moja. Alinitazama, akatazama rundo la mashtaka, akatoa hukumu: kuanzia siku hiyo shitaka lolote dhidi ya Mgeni lisipokelewe mpaka Mgeni atajwe kwa ukamilifu. Na kwa kuwa Mgeni hana utajo, shitaka halitapokelewa kabisa.

Naomba msomaji atulie hapa kidogo. Mwanafunzi wa bweni alikuwa ametangazwa rasmi kuwa mtu asiyeweza kushtakiwa kwa kosa lolote.

Sasa nieleze jambo lililokuwa likiinyima nyumba ya Bi Mashavu usingizi. Bi Mashavu ana mjukuu aitwaye Siwatu, mshona viatu, msichana mwenye kicheko kinachosikika mitaa miwili. Siwatu alikuwa amechumbiwa na Chande, fundi wa taa, kijana mpole ambaye hata akikanyagwa huomba radhi. Walipendana bila tabu, kwa maana kupendana hakuhitaji kumtaja mtu. Tabu ilikuwa kuoana.

Ndoa ya Bayana hufungwa kwa Mtajaji Mkuu kusoma Daftari: kwanza utajo wote wa bibi harusi, kisha utajo wote wa bwana harusi. Huanza jua linapochomoza, na sharti amalize kabla halijazama. Mara ya kwanza jua lilizama zikiwa zimebaki kurasa nne. Watu wakasema si neno, tutarudia. Lakini kukosa kuolewa ni tukio, na kila tukio huongezwa. Siwatu akaandikiwa kwamba ni aliyekosa kuolewa na Chande, na kwa kuwa Chande hawezi kutajwa nusu, utajo wote wa Chande ukaingizwa ndani ya utajo wa Siwatu. Na wa Siwatu ukaingizwa ndani ya ule wa Chande. Mara ya pili zikabaki kurasa arobaini. Mara ya sita Mtajaji hakufika hata kwa bwana harusi. Chande alishinda kutwa ndani ya kanzu mpya, akisikiliza habari zake mwenyewe zikisomwa kama sehemu ya mchumba wake.

Na mara ya saba ilikuwa ya mwisho. Wanaoshindwa mara saba hutenganishwa, mmoja hupelekwa Kilima cha Kwanza na mwingine Kilima cha Tano, wasije wakalijaza Daftari lote peke yao. Harusi ya saba ilikuwa Jumamosi.

"Mtajaji akisoma harakaharaka je?" niliuliza jikoni. "Sisi shuleni tuna kiranja anayeomba dua ya chakula kwa pumzi moja na nusu."

"Mtajaji Mkuu," Siwatu akaanza, na kutoka hapo hadi neno lililofuata nilimaliza vikombe viwili vya uji, "hana haraka."

"Ungetumia mdomo, mjukuu wangu," Bi Mashavu akasema. "Uji unapoa."

"Nimechoka na midomo, Bibi. Nataka nimseme mume wangu kama watu wanavyosema kiatu. Hiki hapa. Kimekwisha. Hakina maneno."

"Mimi kiatu?" Chande akauliza kutoka mlangoni, alikokuwa akitengeneza taa ambayo haikuwa imeharibika.

"Cha kushoto," Siwatu akamwambia. "Cha kulia ni mimi." Akacheka, Chande akacheka, Bi Mashavu akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha Bi Mashavu akaukoroga uji ambao ulikuwa tayari umekorogwa.

"Kilima cha Tano kina upepo," akasema. "Huko taa hazikai."

Chande aliifungua tena taa yake nzima, akaanza kuifuta kipande kimoja kimoja.

Alhamisi nikateuliwa kuwa mgeuza kurasa katika harusi hiyo. Sitaki kujisifu. Mgeuzaji wa zamani alipatwa na mafua, na nilichaguliwa mimi kwa kuwa Mtajaji Mkuu anapotaka ukurasa ugeuzwe humwita mgeuzaji kwa utajo wake wote, na mgeuzaji wa zamani alikuwa mtu wa matukio mengi.

Ijumaa mchana, Bayana yote ikiwa imejilaza baada ya chakula, Daftari lilikuwa peke yake ukumbini, na sufuria ya uji wa jana ilikuwa peke yake jikoni. Sina la kuongeza kuhusu Ijumaa.

Jumamosi jua lilipochomoza, uwanja wa Idara ulikuwa umejaa. Watu walikuja na mikeka, mito, vyakula vya mchana na kazi za mikono, kama kawaida ya harusi za huko. Wapishi walikuwa bado hawajawasha moto, maana hakuna aliyetarajia kula kabla ya magharibi, ikiwa italiwa kabisa. Siwatu alivaa viatu alivyojishonea mwenyewe, vyekundu. Chande alivaa kanzu yake, ambayo kufikia siku hiyo haikuwa mpya tena. Bwana Mwinchumu akasimama mbele ya Daftari, kitabu kikubwa kama mlango wa banda la kuku, akasafisha koo.

"Siwatu binti Mkanjima," akasoma, na ngoma ile ya sauti ikagonga kila kifua, "wa Mtaa wa Visima, mshona viatu, aliyezaliwa siku ya mvua ya mawe, ambaye…" Akafika mwisho wa ukurasa. "Mgeni!"

Nikageuza. Ukurasa ulikuwa mzito kiasi. Nilitumia mikono miwili.

"…anacheka hata akisubiri," akamalizia Bwana Mwinchumu.

Uwanja ukatulia. Watu waliokuwa wakitandika mikeka wakabaki wameinama. Bwana Mwinchumu mwenyewe hakuona ajabu yoyote. Mtu akisoma kwa miaka thelathini bila kuruka neno, mwishowe macho husoma na akili ikabaki nyumbani.

"Chande bin Shomvi, wa Mtaa wa Kinu, fundi wa taa, aliyeungua kidole cha shahada mara tisa, ambaye… Mgeni!"

Nikageuza tena kwa mikono miwili.

"…bado yupo. Basi kwa kuwa wote wawili wametajwa, nami nimesikika, ninatangaza kwamba wameoana."

Akainua macho kulitafuta jua la jioni. Jua lilikuwa hata halijafika kwenye paa la Idara. Akalitazama kama mwalimu wa zamu anavyomtazama mwanafunzi aliyewahi darasani: kwa mashaka, akitafuta ameficha nini.

Aliyepiga kigelegele cha kwanza alikuwa Bi Mashavu. Cha pili sikukisikia, kwa kuwa vilikuwa mia tatu. Wazee walikumbatiana, mpiga chapuo akapiga bila kuombwa, na mpishi mkuu alikuwa akikimbia huku na huko akipiga kelele, "Mchele bado una mawe! Jamani, mchele bado una mawe!" Chande alisimama katikati ya yote hayo na midomo wazi. Alikuwa amejiandaa kungoja. Hakuwa amejiandaa kuoa.

Kisha Bwana Mwinchumu akataka kuandika kwenye Daftari kwamba ndoa imefungwa. Akajaribu kufungua ukurasa wa pili wa Siwatu. Haukufunguka. Akajaribu wa tatu. Akaukwaruza kwa ukucha, akaunusa, na mbele ya taifa zima akauramba.

"Ulezi," akasema. Vigelegele vikapungua. "Tangawizi. Pilipili manga." Vikaisha kabisa. "Uji wa namna hii unapikwa katika nyumba moja."

Macho ya uwanja mzima, bila msaada wa mdomo hata mmoja, yakamgeukia Bi Mashavu.

Msomaji aelewe hali ilivyokuwa. Kama nyumba ya bibi harusi ndiyo iliyogandisha Daftari, ndoa ni batili, na batili ya saba ndiyo ya mwisho. Nilimwona askari akitazama upande wa Kilima cha Tano, kama mtu anayekadiria mwendo. Wanawake wa kisimani walinitazama mimi, wakafungua vinywa, wakakumbuka hukumu, wakavifunga. Kwa mara ya kwanza walikuwa na shitaka la kweli dhidi ya Mgeni, na halikuweza kupokelewa.

Bi Mashavu akasimama. Alitazama viatu vyekundu vya mjukuu wake, kisha akanitazama mimi. Alikuwa anajua. Sufuria ni yake, anajua ilikuwa na kiasi gani.

"Uji ni wangu," akasema. "Mikono pia iandikwe ni yangu. Ila ndoa iachwe, Bwana Mwinchumu. Mimi mzee, ongezea tu hapo baada ya fisi."

"Bibi, kaa chini," Siwatu akasema. Hakuwa anacheka.

Nimewahi kusimama mbele ya mwalimu mkuu mara nyingi, na kila mara nilikuwa na maelezo mazuri. Safari hii nilifungua kinywa nikakuta maelezo hayamo.

"Ni mimi," nikasema.

Kimya. Kisha, kwa kuwa kimya kilinitisha, maelezo yakarudi yote kwa pamoja. Nilipanda juu ya kigoda cha mgeuza kurasa. Nilisema kwamba nimefanya hivi kwa ajili ya mapenzi ya kweli. Nilisema siwezi kuvumilia kuona mioyo miwili ikitenganishwa na wino. Nilisema kama kuna adhabu inishukie mimi, mwana wa nchi ya mbali, na historia itanihukumu kwa haki. Mwanamke mmoja akafuta machozi kwa kona ya kanga. Nadhani niliinua mkono mmoja juu.

"Shuka," akasema Bwana Mwinchumu.

Nikashuka.

Mzee huyo akakaa kitako, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya mbele ya Daftari. "Sheria inasema asiachwe mtu akidhani," akasema polepole. "Mimi nimeruka kurasa mia na kitu. Basi nauliza. Kuna mtu hapa aliyesikia nilichosoma, akamdhania bibi harusi kuwa mtu mwingine? Asimame."

Nyuma kabisa Mzee Ngwali akasimama.

"Mzee Ngwali!" watu wakapiga kelele.

"Najinyoosha," Mzee Ngwali akasema. "Mguu umekufa ganzi." Akaketi.

Bwana Mwinchumu akamgeukia Chande. "Na wewe, bwana harusi. Ukiwa njiani na mchumba wako yuko ndani ya nyumba, unatumia utajo gani kumwita?"

Chande akainamisha kichwa kwa haya. "Simwiti, Bwana. Nakohoa."

Uwanja ukaangua kicheko. Hata askari alicheka.

"Unakohoa tu?"

"Mara moja. Kama kuna watu, mara mbili."

"Na yeye huja?" akauliza Bwana Mwinchumu.

Kicheko kilikatika kama kilichokatwa kwa panga. Mtu mmoja akaangusha sahani ya bati, ikazunguka, ikazunguka, ikalala. Mtajaji Mkuu wa Bayana, ambaye hadi asubuhi hiyo alikuwa hajaruka neno kwa miaka thelathini, alikuwa ametamka neno la marufuku mbele ya watu mia sita. Naye alijua. Alijishika mdomo kwa vidole viwili, kama mtoto aliyemeza kitu.

Lakini hakuna kilichotokea. Hakuna aliyeuliza ni yeye yupi. Hakuna mama mkwe aliyepigwa kofi. Watu mia sita walikuwa wamemgeukia Siwatu, wakisubiri jibu.

"Huja," Siwatu akajibu. "Akikohoa mara mbili, huja na kanga begani."

Bwana Mwinchumu akatoa vidole mdomoni. Akawatazama watu wake mmoja mmoja, kama anayewaona bila kurasa zao. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na ngoma ile ya sauti ikatoa kicheko ambacho nadhani kilikuwa humo ndani kwa miaka mingi kikisubiri zamu.

"Ndoa imefungwa," akasema. "Washeni moto."

Vigelegele vikaanza upya. Chande akakohoa mara moja, Siwatu akaenda akasimama kando yake, na hilo tu lilitosha kuwatoa machozi hata wale wapishi. Bi Mashavu akanikumbatia hadi mbavu zikalia. Watu wakanibeba juujuu, na yule mwanamke wa kanga akawa anawaeleza majirani jinsi nilivyoinua mkono. Nikakubali yote. Nilikuwa naanza kuamini hotuba yangu mwenyewe.

"Niteremshieni huyo," ikasikika sauti.

Ilikuwa ya Bwana Mwinchumu, ambaye alikuwa ameonja neno moja la marufuku na sasa hakuweza kujizuia. Alikuwa amesimama tena mbele ya Daftari, akiinua kurasa moja baada ya nyingine, mwanzo, katikati, mwisho. Zilikuwa zikiinuka kwa mafungu, kama mbao.

"Wewe mtetezi wa mapenzi," akasema. "Kurasa za Siwatu zimeganda. Vizuri. Za Chande pia. Vizuri. Na hizi za Waziri wa Barabara?"

Nilitazama viatu vyangu.

"Hizi za kwangu?"

Vilikuwa bado na vumbi.

"Na hizi," akafunua fungu nene kuliko yote, "za mbuzi wa serikali? Mbuzi themanini na wawili. Nao walikuwa wanataka kuoana?"

Uwanja mzima ukanitazama. Bi Mashavu akachomoza midomo upande wangu, kumaanisha: sema.

Basi nikakiri, na hapa nakiri kwa mara ya pili kwa maandishi. Sikuwa na harusi kichwani hata kidogo. Siku ile ya Ijumaa nilianza na kurasa za mbele kwa sababu ndizo zilizokuwa mbele. Nilipofika kwa Siwatu na Chande nilikuwa nimeshazoea kazi, na uji ulikuwa bado nusu sufuria, na kumwaga chakula ni dhambi.

"Kwa hiyo hukutufikiria kabisa?" Siwatu akauliza. Alikuwa ameuma mdomo, na nilijua kicheko kiko njiani.

"Niliwafikirieni leo asubuhi," nikasema, "ukurasa ulipokuwa mzito. Kabla ya hapo nilikuwa nafikiria uso wa Bwana Mwinchumu, utakavyokuwa siku atakapojaribu kulifungua Daftari."

Bwana Mwinchumu akaniinamia mpaka ndevu zake zikanigusa paji la uso.

"Na ulikuwaje?"

Nilijibu kweli tupu: ulikuwa mzuri kuliko nilivyotarajia. Kisha nikakumbuka adabu, nikampa shikamoo.